Ukuta wa Upande wa Machweo

Zamu yangu ya mabati ilifika mwaka uleule ndugu yangu alipovunjika shingo.

Nilikuwa nimeingoja sana zamu hiyo. Kikundi chetu cha mwethya kilikuwa cha wanawake waliosaidiana kulima, leo shamba la huyu, kesho la yule. Kisha tukaanza kununuliana mabati, nyumba moja baada ya nyingine. Mimi niliwekwa karibu na mwisho kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wote. Kikundini nilishika nafasi ya mama. Yeye na baba walikuwa wamekufa wakifuatana kabla sijamaliza darasa la sita, nami nikaacha shule nikawa mwenye nyumba, nikiwa na huyo ndugu aliyenifuata, na wadogo wawili nyuma yake, msichana na mvulana.

Nyumba yetu ilikuwa nje kidogo ya soko la Tulia. Baba aliijenga kwa udongo, na paa la nyasi lililoshuka chini mpaka mtu mzima akalazimika kuinama kuingia. Nyasi zilikuwa zimeoza, lakini sikuyataka mabati kwa sababu ya kuvuja. Mvua ya kwetu si nyingi kiasi hicho. Niliyataka kwa sababu ya maji. Paa la nyasi halikupi maji, la bati linakupa, ukiliwekea mfereji na pipa. Mama alimaliza maisha yake kwenye njia ya mtoni, akichimba mchanga kutafuta maji yaliyojificha chini, na ndiko alikoangukia siku ugonjwa ulipomzidi. Tulimbeba yeye na kibuyu chake.

Ndugu yangu alikuwa amekwenda Kambu, kwenye barabara ya Mombasa, kupakia magunia ya makaa kwenye malori. Alikuwa kijana mrefu, mwenye maneno. Siku moja alipanda juu ya mzigo, lori likasimama kidogo Salama, kisha likang'oka ghafla. Baadaye alikuwa akiwasimulia watu kwa njia yake mwenyewe. "Mimi sikuanguka," alisema. "Lori liliondoka, nikabaki hewani."

Alilala hospitalini miezi mingi. Alibaki na kichwa, shingo, mabega na mikono isiyoshika kitu. Siku tuliporuhusiwa kumchukua, muuguzi alinifundisha kumgeuza ili asioze mgongo, halafu akaniambia jambo ambalo sikulielewa siku ile. "Mwili wake hautoi jasho tena. Sasa yeye ni kama jiwe. Ukiliweka kivulini litapoa, ukiliweka juani litawaka, lenyewe haliwezi kujisaidia. Homa ikimpanda, mwangalie kwanza alikolala."

Tulifika nyumbani naye kwenye gari la mizigo, amelazwa juu ya godoro. Wanawake wa mwethya walikuwa wamemaliza kazi siku chache kabla. Walikuwa wameteremsha nyasi zote, wakapigilia mabati mapya yaliyong'aa hata ukiyaona kutoka ng'ambo ya bonde. Wakaimba. Waliimba kwa ajili ya paa na kwa ajili yake pamoja, nami nikaimba pia, kwa sababu niliona pipa limekaa tayari chini ya mfereji.

Jambo moja hatukulifikiria. Mabati yalikuwa ya kutosha juu tu. Yaliishia pale ukuta unapoishia, kama kofia isiyo na ukingo. Zile nyasi za baba zilikuwa zimezifunika kuta karibu mpaka chini, miaka yote. Sasa kuta zilisimama uchi.

Ilikuwa kiangazi, ule mwezi kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Jua lilipofika utosini mabati yalianza kulia, ta, ta, yakijinyoosha. Nilikuwa jikoni nikipika. Niliposikia ndugu yangu anaongea nikadhani ana mgeni. Niliingia nikamkuta peke yake, anaongea na dereva wa lori. Nilimgusa paji la uso. Lilikuwa kavu, na moto kama bati lenyewe. Hapo nikayaelewa maneno ya muuguzi.

Tulimmwagia maji yote tuliyokuwa nayo, maji ya mtoni, yaliyoletwa kwa kichwa. Alipozinduka aliangalia juu, kisha akatuangalia sisi tuliosimama na masufuria matupu.

"Dada," akasema, "mnanioka au mnanichemsha? Niambieni, nijue nitaliwa na ugali au na chapati."

Mdogo wetu wa kike alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikipiga hesabu ya safari za mtoni, na kiangazi bado kilikuwa mbele yetu.

Nilifanya lililonijia kwanza. Nilizichukua zile nyasi kuukuu ambazo hazikuwa zimeoza, nikakata nyingine, nikapanda juu nikayafunika mabati. Nyumba ikapoa. Ndugu yangu akalala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza. Kisha mvua ikaja, na maji yakaingia kwenye pipa yakiwa na rangi ya chai na harufu ya zizi.

Mwenyekiti wa mwethya alikuja mvua ilipokatika. Alikuwa rafiki ya mama, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu. Alisimama uani akaangalia juu kwa muda mrefu.

"Mwanangu, nimeambiwa mabati yetu yameota manyoya. Nikasema wananidanganya."

"Ni kwa sababu ya mgonjwa, mwaitu," nikamwambia. Ndivyo tunavyomwita mama, na yeye nilimwita hivyo tangu nikiwa mtoto.

"Tulipanda huko juu na haya magoti, tukatoa nyasi. Wewe umezirudisha." Akachota maji kidogo kwenye pipa kwa kiganja, akaonja, akatema. "Na hawa wadogo watakunywa hii?"

Alinieleza, bila ukali, kwamba tulikuwa tumekubaliana paa lisiguswe mpaka mwanamke wa mwisho apate lake. Walikuwa wamebaki wawili. Hao wakiona mabati yamefunikwa wangeuliza ni ya nini, na wangeacha kutoa. "Tumetoka jasho kwa ajili ya paa hilo," akasema.

Sauti ikatoka ndani. "Mama mwenyekiti, jasho ndilo ninalolitafuta mimi. Kama umebakiwa na kidogo, nigawie."

Mwenyekiti alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akajipangusa macho kwa ncha ya leso. Aliingia akakaa na ndugu yangu kitambo. Alipotoka aliniambia, "Nyasi zishuke," akaenda zake.

Zikashuka. Alikuwa na haki, na maji tuliyahitaji. Lakini nilikuwa nimeona nyasi zinafanya nini, na sikutaka kuzitupa. Nikafikiri, kama haziwezi kukaa juu ya bati, zikae chini yake. Nilikata milingoti ya mkonge iliyokauka, nikailaza kutoka ukuta hadi ukuta, nikatandika nyasi, na juu ya nyasi tukapaka udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu ili mchwa wasipende. Ikawa dari nzito, ya chini, nyeusi. Pande mbili, kati ya dari na bati, niliacha wazi ili joto litoke. Mwanzoni nilikuwa nimeziba kwa kuogopa popo, na joto likajaa humo kama moshi, ikabidi nizibue. Tukavumilia popo.

Kisha nikafanya kosa. Nilijiambia kwamba kama udongo ni mzuri, udongo mwingi ni mzuri zaidi. Kitanda cha ndugu yangu kilikuwa kando ya ukuta wa upande wa machweo, nami nikaamua kuunenepesha ukuta huo. Tulifyatua matofali ya udongo, tukayakausha juani, tukaujengea ukuta wa pili kwa nje, tukaushikanisha na ule wa kwanza. Kazi hiyo ilitumaliza. Mdogo wetu wa kiume alikosa shule kwa ajili ya kazi hiyo, jambo ambalo nilikuwa nimeapa halitatokea.

Mchana wa kwanza chumba kilikuwa kizuri. Nililala usiku nikiwa nimeridhika. Asubuhi nilimkuta ndugu yangu macho makavu, midomo imepasuka.

"Hujalala?"

"Nilalie wapi? Huu ukuta wako ulikunywa jua mchana kutwa. Usiku ukanitapikia."

Niliweka kiganja ukutani sikuhisi kitu, kwa sababu asubuhi ulikuwa umekwisha kupoa. Jioni ile nilikaa naye. Giza lilipoingia na upepo wa nje ukawa mwanana, ukuta ulianza kutoa joto, taratibu, kama chungu kilichoepuliwa. Yeye alilijua kwa shavu, maana uso ndio uliobaki na hisia. Aliniambia nisogeze kichwa chake mpaka shavu liguse ukuta, akalikaza hapo, akaliondoa.

Ningepaswa kujua. Kwetu kuna miamba mikubwa, na kila mtoto aliyechunga mbuzi anajua kwamba mwamba uliopigwa na jua mchana haukaliki jua likishatua. Lakini ule wa chini ya miti, wenye kivuli, unaweza kuulalia kwa tumbo saa sita mchana na ukasikia baridi. Jiwe ni lilelile, tofauti ni kivuli tu. Nyumba ya baba haikuwa na udongo mwingi. Kuta zake hazikuwa zikiliona jua.

Kwa hiyo nikarudi kwenye nyasi mara ya tatu. Nilichimbia nguzo nje ya ukuta ule, nikajenga kibanda kirefu cha nyasi, kinachoanza chini ya mfereji wa maji na kushuka karibu mpaka magotini. Hakikugusa mabati. Mwenyekiti alikuja, akakizunguka, akatazama mfereji, akatazama pipa, akasema tu, "Haya." Mbele ya kibanda nilipanda miche ya mukau. Niliing'oa zizini, kwa sababu mbegu yake ni ngumu na wazee husema haioti vizuri mpaka ipite tumboni mwa mbuzi. Niliuchagua mukau kwa kuwa hutoa majani wakati wa kiangazi, miti mingine ikiwa mifupa. Kila jioni ukuta ulipokuwa ukipoa ndugu yangu aliwekwa shavu ukutani. "Leo umekunywa kidogo," angesema. Na siku moja, "Leo haukunywa kabisa."

Nilijifunza pia madirisha. Kulikuwa na mawili, ya mbao. Niliyafungua usiku, baridi iingie ilale ndani, na asubuhi kabla jua halijapanda niliyafunga mimi mwenyewe, nikaufunga na mlango. Mchana kutwa chumba kilikuwa giza, na ndani ya giza hilo ndugu yangu aliishi.

Jambo hilo lilituletea taabu. Akina mama wa kanisa walikuja kumwona Jumapili mchana baada ya ibada, wakakuta nyumba imefungwa kama ya waliohama. Walipoingia wakapapasa kutafuta viti. Hawakuniambia kitu, lakini sokoni nilisikia. Walisema namficha. Walisema nina haya na kilema, nimemfungia gizani ili afe watu wasimwone. Baada ya hapo alikuja mzee wa kanisa mwenyewe na watu wake.

"Binti," aliniambia mlangoni, "mgonjwa si mbegu, hafukiwi gizani. Anataka hewa."

"Hewa tunaiingiza usiku, mzee."

"Usiku ni wakati wa wachawi." Akapita akafungua dirisha, kisha la pili. Jua likaingia mpaka kitandani.

Ndugu yangu alisema kwa adabu, "Mzee, ungefunga kwanza ndipo uombe. Mungu anaona hata gizani."

Hawakufunga. Waliimba, wakasoma, wakaomba kwa zamu, na kila mmoja alikuwa na mengi. Nilisimama pale nikiangalia ule mraba wa jua ukitambaa juu ya blanketi. Sikuwa nimelelewa kukatiza maombi. Walipoondoka nilifunga, lakini chumba kilikuwa kimekwisha kushiba joto. Jioni alianza tena kuongea na dereva wa lori, akaongea naye mpaka karibu alfajiri, huku tukimpangusa kwa vitambaa vilivyolowa.

Waliporudi tena niliwangojea uani. Niliwaambia, "Karibuni jua likitua. Kwa sasa siwafungulii." Nilisema hivyo mbele ya watu wazima, msichana asiye na mume wala baba. Hawakurudi jua lilipotua. Kanisani benchi langu likawa na nafasi pande zote mbili, na sikuitwa tena kusaidia kwenye harusi wala kwenye msiba. Mdogo wangu wa kike aliniuliza kwa nini nisimfungulie mzee dirisha dakika chache tu ili tupate amani. Nilimwambia amani hiyo ingelipwa na aliyelala kitandani pale.

Aliyeendelea kuja ni mwenyekiti wa mwethya. Alikuja jioni, akakaa kwenye kigoda karibu na kitanda, wakataniana.

"Hujambo, mzee wa pangoni?"

"Sijambo, mama wa mabati. Magoti?"

"Yanasema mvua."

"Yalisema hivyo mwaka jana."

Miti ilikua. Ilipoufikia mfereji, ikaja miaka ya njaa. Mvua ilikosa, ikakosa tena. Pipa likawa chombo cha kuhifadhia makapi. Mbuzi walikula ua, wakala kamba, na jioni walisimama kwa miguu ya nyuma chini ya mikau yangu, wakiangalia majani mabichi wasiyoyafikia. Kila mtu mwenye mukau alikuwa amekata matawi kuwapa mifugo. Jirani alinipitia akaniuliza nangoja nini.

Ndugu yangu aliwasikia mbuzi wakilia. "Kata," akaniambia. "Yule jike ana mtoto wa kunyonyesha. Mimi sina."

"Lala."

"Wadogo watakunywa maziwa gani, dada?"

Nilikata mti mmoja, ule wa mwisho, ambao kivuli chake hakikufika ukuta wa kitanda. Ulitufikisha siku chache. Mingine sikuigusa. Mbuzi wakafa mmoja mmoja, na yule jike na mtoto wake. Mwaka ule mdogo wetu wa kike aliondoka kwenda kuosha vyombo kwenye hoteli moja Salama, palepale lori lilipomwacha kaka yake hewani. Hakunilaumu. Lakini siku ya kuondoka hakuingia chumbani kuaga. Alimuaga kupitia dirishani, asubuhi, kabla sijafunga.

Njaa ikapita. Ndugu yangu akaimaliza akiwa hai, katika chumba kilichokuwa baridi kuliko nyumba yoyote niliyoijua, za matajiri wa Kitui mjini zikiwemo. Nilianza kuamini kwamba nimeshinda.

Homa ilikuja Julai. Kwetu Julai ni mwezi wa baridi na mawingu, watu hutembea wamejifunika mablanketi. Nilimkuta asubuhi ana moto. Nilikimbilia madirisha, yalikuwa wazi tayari. Niligusa dari, nikagusa kuta zote nne, nikatoka nje nikaushika ukuta wa machweo chini ya kibanda. Ulikuwa baridi kama mchanga wa mtoni. Nilirudi ndani nikamgeuza. Kidonda cha mgongoni ambacho nilikuwa nikikiosha kila siku kilikuwa kimefungua mdomo kwa ndani, na harufu ilikuwa nyingine.

Tulitafuta gari. Mdogo wetu wa kiume alikwenda Tulia, akarudi akasema lipo moja lakini halina gurudumu, lingekuja kesho yake. Nilimwaga maji sakafuni, nikalowesha shuka, nikapepea. Sikujua la kufanya zaidi ya hayo. Miaka yote nilikuwa nimepigana na joto linalotoka nje.

Jioni aliniomba nimsogeze. Niliweka shavu lake ukutani, mahali pake pa siku zote. Pale udongo ulikuwa umelainika ukang'aa kama mpini wa jembe.

"Mimi sisikii sawasawa," akasema. "Niambie wewe. Ukuta uko baridi?"

Nikauweka mkono. "Uko baridi."

"Basi si wewe."

Hakusema tena neno lililoeleweka. Gari lilipokuja tulilitumia kuleta mbao za sanduku.

Siku ya mazishi mawingu yalikuwa yameondoka na jua likawaka. Watu walikuja wengi, hata wa kanisa, hata mzee. Baada ya kaburi walitafuta kivuli, na kivuli kikubwa kilikuwa changu. Walijaa kibandani, wengine wakaingia chumbani wakakaa sakafuni penye nafasi ya kitanda. Nilipopita na chai nilimsikia mzee akimwambia mwenzake kwamba humu ndani ni pazuri kupumzika. Hakuniambia mimi. Nilimjazia kikombe.

Udongo hupakwa kila mwaka kabla ya mvua, la sivyo hupasuka. Zamu hiyo ilipofika mdogo wetu wa kike alikuwa amekuja kutoka Salama, tukasaidiana tangu alfajiri kama zamani, yeye akikanda, mimi nikipaka. Tulifika ukuta wa machweo. Lile doa la shavu lilikuwa pale, jeusi, laini, kwenye kimo cha kitanda kutoka sakafuni. Yeye akauzuia mkono wangu.

"Hapo paache."

Niliangalia. Kutoka kwenye doa ulikuwa umeanza ufa mwembamba, unapanda kuelekea dari. Mvulana wetu ndiye aliyekuwa akilala chumba kile sasa.

Nilichota udongo nikapaka juu yake, nikasawazisha kwa kiganja mpaka pakafanana na kwingine. Mdogo wangu aligeuka akaendelea kukanda. Tulipomaliza jua lilikuwa limeanza kupanda, nikafunga madirisha.